Kilo kumi na mbili za mbogo na miaka 20 jela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama itawezekana usinikate sana, maana nikikatwa katikati nitaonekana natetea majangili na mimi sitetei jangili hata mmoja. Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyetaka kila anayekamatwa na nyama pori afungwe maisha, asiulizwe kitu. Hasira yake naielewa kabisa. Ila nilivyoimaliza nikajisemea, huyu bwana hajui kama hicho anachokiomba karibu kipo tayari kwenye vitabu vya sheria, na hajui kinamshukia nani. Mimi najua kwa sababu kilishukia nyumbani kwa dada yangu.

Nakaa Magomeni hapa Bagamoyo, nina kiduka cha vifaa vya baiskeli na pikipiki. Mwaka 2018 mpwa wangu, mtoto wa huyo dada yangu, alikuwa anaendesha bodaboda ya mkataba, yani pikipiki ya mtu, analeta hesabu elfu saba kila jioni mvua inyeshe jua liwake, na baada ya muda fulani pikipiki inakuwa yake. Alikuwa amebakiza miezi minne tu. Siku hiyo alikuwa upande wa Miono akapigiwa simu na mtu wa mjini anayemfahamu kwa sura, kuna mzigo uchukue uniletee, nauli elfu kumi na tano. Mzigo wenyewe kiroba, chini nyama juu mananasi ya Kiwangwa. Akaja nao mpaka njiani akakuta kizuizi, askari wakasema shusha, wakatoa nanasi la kwanza, la pili, la tatu harufu ikawafikia. Kilo kumi na mbili za mbogo, mbichi, bado zina damu.

Nilipokwenda kumuona mara ya kwanza aliniambia maneno ambayo mpaka leo ndo yananifanya niandike barua hii. Alisema, "Mjomba, nilijua ni nyama. Nilijua ni ya porini. Sikujua ni miaka ishirini."

Kwahiyo simtetei. Alijua ni nyama ya magendo, mananasi hayajajipanga yenyewe juu ya kiroba. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Siku ya kwanza mahakamani dada yangu alinitia aibu na kunitia huruma kwa pamoja. Likasomwa shitaka, kupatikana na nyara za serikali bila kibali. Dada akanigeukia akaninong'oneza kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia, "Mwanangu kamteka nani?" Maana kwake yeye nyara ni mtu kutekwa, ameshasikia kwenye redio meli zimetekwa nyara, basi akajua mtoto kaingia kwenye mambo ya kuteka watu. Karani alicheka. Mimi sikucheka kwa sababu na mimi nilikuwa sijui vizuri, nilidhani nyara ni pembe, ngozi, labda kwato, vitu vya kutundika ukutani. Kumbe kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 nyara ni sehemu yoyote ya mnyama pori, nyama, mfupa, nywele, yai, na kama huna kibali basi hiyo ni mali ya serikali uliyokutwa nayo. Hata mnyama umemkuta amekufa mwenyewe, hukumuua wewe, kagongwa na gari barabarani, bado ni wa serikali. Na ukishakutwa nayo, kazi ya kuonesha kwamba uliipata kihalali ni yako wewe, sio ya mwendesha mashitaka.

Alafu likaja neno la pili, uhujumu uchumi. Sisi wa umri wangu tukisikia uhujumu uchumi tunamkumbuka Waziri Mkuu Sokoine, mwaka 1983, watu wanatupa sabuni na vitenge usiku wasikutwe navyo stoo. Sheria ya makosa ya uhujumu uchumi tunayotumia sasa ilitungwa mwaka uliofuata, 1984, na makosa ya nyara yamo humo ndani. Ndo maana kesi ya kiroba cha nyama inahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kabla hakimu wa wilaya hajaanza kuisikiliza, na kabla kibali hakijaja kila ukienda ni wimbo uleule, upelelezi haujakamilika, njoo baada ya siku kumi na nne. Dada alikwenda hizo siku kumi na nne mpaka akawa anajuana na wauza maji wa pale nje. Dhamana hatukuiweza.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hesabu ndo iliniacha mdomo wazi.

Kilo kumi na mbili za nyama, wewe unaweza kusema ni za shilingi ngapi, laki moja, laki na nusu ukiuza kwa siri. Lakini mahakamani haihesabiwi hivo. Anakuja afisa wanyamapori na hati ya kuthamini nyara, na hati hiyo haiangalii kilo, inaangalia mnyama. Ukikutwa na paja umekutwa na mnyama mzima kwa sababu paja halikutembea lenyewe, kuna mnyama amekufa. Kiakili naikubali hiyo hoja kwa kweli. Na bei zimepangwa kwa dola. Swala pala dola 390. Mbogo dola 1,900. Twiga, huyo mnyama wa taifa letu, dola 15,000. Kwa dola ya wakati ule ya kama shilingi 2,300 mbogo mmoja anapita milioni nne na laki tatu, na swala tu anakaribia laki tisa. Na mstari wa sheria uko wapi? Uko kwenye laki moja. Ukipita hapo, na kesi ikiwa ya uhujumu uchumi kama hizi zinavyokuwa, basi tangu sheria ilivyokazwa mwaka 2016 kifungo ni kuanzia miaka 20 mpaka 30. Hakimu hana pa kushuka. Hata akikuonea huruma, hata kama ni kosa la kwanza, hata mama yako analia kwenye benchi la nyuma, ishirini ndo sakafu.

Jiulize mnyama gani wa kuliwa ambaye hati yake haitapita laki moja. Huo mstari ni kama haupo.

Mpwa wangu alipata ishirini, mwaka 2019. Alikuwa na miaka ishirini na tatu.

Mwaka huohuo, mwezi wa pili, Mahakama ya Kisutu ilimhukumu yule mama wa Kichina Yang Feng Glan, ambaye magazeti yalimwita malkia wa pembe za ndovu, na wenzake wawili Watanzania. Mamia ya vipande vya meno ya tembo, uzito unakaribia tani mbili, thamani mabilioni kama kumi na tatu. Walipewa miaka 15. Najua wanasheria watanirukia hapa, watasema makosa yake yalikuwa ya kuanzia mwaka 2000 hadi 2014, kabla ya marekebisho ya 2016, na huwezi kumuhukumu mtu kwa adhabu iliyokuja baadaye. Sawa, nakubali, sheria ndo inavyotaka na ni haki. Lakini mweleze hivo dada yangu. Mwambie tani mbili za pembe miaka kumi na tano, kilo kumi na mbili za mbogo miaka ishirini, na zote ni sahihi kisheria, alafu mwangalie usoni.

Na wale twiga je? Nani amesahau Novemba 2010, uwanja wa Kilimanjaro, wanyama hai zaidi ya 130 wakiwemo twiga wanne wakapandishwa kwenye ndege ya jeshi wakaenda Qatar. Mpaka leo mtaani mtu akitaka kusema nchi imeliwa anasema bwana, hapa twiga alipanda ndege. Mshitakiwa mkuu, raia wa Pakistan, alihukumiwa mwaka 2014 jumla ya miaka 60. Miaka sitini, adhabu nzito kuliko zote nilizozitaja, ila mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameshakimbia dhamana. Mtu wa bodaboda hakimbii. Ataenda wapi, ana elfu kumi na tano.

Naomba sasa niseme na upande wa pili, maana msomaji yule hakuwa mjinga na hasira yake ina chanzo. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta nchi hii ina tembo kama 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Miaka mitano tu. Eneo la Selous na Mikumi peke yake lilikuwa na karibu 39,000 mwaka 2009, wakaja kuhesabu 2013 wamebaki 13,000 na kidogo. Hiyo sio watu kutafuta kitoweo, huo ni mtandao, na dili za aina hiyo zina watu wa bandarini na wa ofisini na silaha za kivita. Serikali ikaja na Operesheni Tokomeza ya kusaka majangili Oktoba 2013, ikasimamishwa haikumaliza hata mwezi mmoja baada ya wabunge kulalamika raia wanapigwa, wanateswa, mifugo inauawa, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza uwaziri kwa siku moja. Baada ya hapo ndo ikaja sheria kukazwa na mamlaka mpya na majeshi ya uhifadhi, na kweli pembe zimepungua na tembo wameanza kuongezeka. Siwezi kusema ukali haukusaidia chochote, nitakuwa muongo.

Sisi watu wa Bagamoyo tena ndo wa mwisho kujifanya hatujui pembe. Mji huu umejengwa na pembe. Ukipita pale Caravanserai wanakueleza wapagazi walivyokuwa wanashuka kutoka Tabora na Ujiji, mabegani pembe, wanakuja kubwaga mzigo hapa zipakiwe majahazi ya Unguja. Nyumba za mawe zile tunazopigia picha za harusi zilisimama kwa meno ya tembo na kwa watu waliouzwa. Na sheria ya kwanza ya wanyama pori kwa nchi nzima aliitoa Mjerumani Hermann von Wissmann mwaka 1896, huyohuyo ambaye miaka saba nyuma alimnyonga Bushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, kule Pangani. Tangu hapo mwenye karatasi ni muwindaji na asiye na karatasi ni jangili, wanaweza kuwa wameua mnyama wa aina moja siku moja. Nimepitiliza kidogo, nirudi.

Tulikata rufaa. Wakili tulimpata kwa kuuza minazi ya marehemu baba, shamba lote, dada alisaini mkono unamtetemeka. Na pikipiki ilitaifishwa, mwenye pikipiki akaja kudai na yeye, akalipwa kidogokidogo na mimi. Mwaka 2021 kijana akaachiwa huru. Mtaa mzima ukasema kashinda kesi, wakapika pilau. Mimi nilikula pilau ila nilijua alivyoshinda.

Alishinda kwa sababu ya nyama kuoza. Iko hivi. Nyama haikai, huwezi kuiweka stoo ya vidhibiti mwaka mzima ukisubiri kibali, kwahiyo polisi wanajaza fomu ya inventori wanaipeleka kwa hakimu anatoa amri iteketezwe, na ile fomu ndo inakuja kusimama badala ya nyama kwenye kesi. Sasa Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu siku hiyo na apewe nafasi ya kusema neno kabla nyama haijateketezwa. Mpwa wangu siku ile alikuwa mahabusu, hakuna aliyemtoa. Nyama ikachomwa, fomu ikasainiwa, na miaka mitatu baadaye fomu ikatupwa na kesi ikaanguka nayo. Niliambiwa na wakili kwamba sio yeye peke yake, kesi nyingi za nyama zinaangukia hapohapo kwenye inventori.

Ivi unaona kituko hicho? Kijana ambaye kweli alibeba nyama anatoka hana hatia kwa sababu ya fomu, na asiyekuwa na dada wa kuuza minazi amebaki ndani ana fomu ya aina ileile. Sheria ikiwa nzito kiasi hicho kila kitu kinageuka bahati nasibu, askari akikosea hatua moja mtu yuko nje, asipokosea mtu kamaliza ujana wake ndani. Hakuna katikati. Mi ningependa angefungwa mwaka mmoja au miwili kwa haki, nyama ikiwa mezani na yeye yupo, akatoka akijua kosa lake, kuliko ishirini ya kwenye karatasi na kuachiwa kwa mlango wa nyuma. Alitoka akiwa ameshakaa miaka mitatu na kitu, kakonda, jino la mbele hana, na mpaka leo ukimuuliza kosa lake lilikuwa nini anakwambia hawakufuata utaratibu.

Na yule aliyempigia simu? Hajawahi kuitwa. Namba ilitolewa polisi, mimi mwenyewe nilikuwepo wakati inatolewa. Nasikia bado anauza mishikaki.

Ninachoomba mimi sio majangili walegezewe. Wa pembe wa faru wa bunduki mwacheni na ishirini yake na thelathini yake. Naomba wabunge wetu waitazame ile sakafu kwa hawa wa kiroba na wa mtego wa waya, hakimu aachiwe nafasi ya kupima, aone huyu ni tajiri wa mzigo au ni mbebaji, ni mara ya kwanza au ni kazi yake, alikuwa na kilo ngapi. Mstari wa laki moja wakati mbogo anahesabiwa milioni nne hauna kazi yoyote, ama upandishwe ama ufutwe tujue moja.

Na kabla ya hapo, maana bunge lina mambo mengi, watu waambiwe. Hili halihitaji bunge. Vijiji vinavyozunguka Saadani vipo pande zote mbili za mpaka wa mkoa, Pwani huku na Pangani na Handeni kule Tanga, hifadhi imekuwa ya taifa tangu 2005 na kabla ya hapo ilikuwa pori la akiba. Mikutano ya vijiji inasomwa mapato na matumizi, tunasomewa michango ya shule, tunasomewa faini ya kutokuwa na choo. Mimi sijawahi kusikia mtendaji anasimama anasema jamani, nyama ya porini mkononi bila karatasi ni miaka ishirini. Ubao wa hifadhi unasema usitupe taka usishuke kwenye gari. Andikeni ishirini pale, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili.

Kwa sababu watu wanachanganywa na wanachokiona. Niliwahi kushuhudia mimi, kiboko msumbufu kapigwa risasi na maafisa kando ya mto Wami baada ya kusumbua watu, na wanakijiji wakagawiwa nyama pale pale, watoto wanabeba kwenye ndoo. Halali kabisa, maafisa wapo. Sasa mtu huyohuyo akaushe kipande chake amletee shangazi yake mjini wiki inayofuata, hana karatasi, akikutwa njiani nani atamuamini? Nyama ni ileile ila imeshageuka nyara. Na wengi hawajui kwamba mnyama akikuvamia ukamuua katika kujitetea sio kosa, lakini mzoga sio wako, unatakiwa utoe taarifa. Wao wanaua wanafukia kwa hofu, au wanakula kwa hofu, na hapo ndo kosa linazaliwa.

Kuna jambo jingine watu wanaliongea vijiweni na nadhani ndo linaloharibu moyo wa watu kuliko hata kifungo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi, mtu wako akiuawa na mnyama hatari familia ikawa inapewa shilingi milioni moja. Akipata ulemavu wa kudumu laki tano. Shamba likiliwa na tembo ilikuwa kati ya elfu 25 na laki moja kwa ekari kutegemea umbali kutoka mpaka wa hifadhi, na haikuzidi ekari tano, na ukiwa ndani ya mita mia tano kutoka mpakani ulikuwa hupati kitu. Hata kama viwango hivo vimepanda baadaye, angalia mizani yenyewe. Kwa kanuni zile mbogo akikuua wewe, ilikuwa milioni moja. Wewe ukikutwa na mbogo, yeye anahesabiwa milioni nne na wewe miaka ishirini. Mzee mmoja pale kijiweni alisema basi bora mtu angezaliwa mbogo, tukacheka, lakini kilikuwa kicheko cha kinyongo. Mtu ambaye mahindi yake yamelazwa na tembo usiku, na hela ya kifuta jasho anaifuatilia mwaka, huyo hawezi kukupigia simu akiona watu wamebeba waya wanaingia porini. Atageuka upande wa pili.

Nimalizie na la bucha maana kuna watu watasema sasa tule nini. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyama pori, unaweza kununua kihalali, ukapewa na risiti. Risiti hiyo usiitupe, usiifungie nyama, iweke mfukoni mpaka nyama iishe chunguni. Sisemi kwa kuogopesha.

Mpwa wangu anaendesha tena, pikipiki ya mwingine, mkataba upya kuanzia sifuri. Mwezi uliopita alikuwa amepaki nje ya duka langu, akaja kijana na kiroba, anataka kipelekwe upande wa Dunda, hapo karibu tu, anatoa elfu kumi kwa safari ya elfu moja. Mpwa wangu akamuuliza kuna nini humo, akasema mananasi. Akamwambia fungua nione, na kama ni nyama nipe risiti yake. Yule kijana akamuangalia kama amemtukana, akachukua kiroba chake akavuka barabara, pale ng'ambo kuna bodaboda wengine watano, na wa kwanza aliyemfikia alikipokea kiroba akakifunga kwa mpira nyuma ya siti hata hakuuliza. Nilimuita yule dereva, nikapiga mpaka mluzi. Ameshaondoka.

Ni mimi msomaji wenu,
Magomeni, Bagamoyo